Jibu Alilolileta Godelieve

Mtu aliyefika mjini Baraka mwaka huu akimwona Godelieve pale ufukweni, akitaja neno moja na kunyamaza, hawezi kuamini kwamba mdomo ule uliwahi kusikika mpaka ng'ambo ya kijito. Wanaomjua wa zamani hawamcheki. Wanajua alikoupeleka, na kwa nini haukurudi.

Ilianza na nzi. Mwaka ule ziwa lilipanda likala nusu ya mchanga wa kuanikia, wanawake wakabanana kama viazi guniani. Asubuhi moja, kama saa nne, Godelieve alikuwa ameinama juu ya ndagala zake, vile visamaki vidogo kama vidole vya mtoto mchanga. Jua lilikuwa linawaka juu ya kila mgongo kama bati jipya. Mara nzi watatu wakapita mbele ya jicho lake la kuume. Akawapiga kwa tawi la mpera. Hawakuruka. Akawapiga tena. Akatazama kushoto, nao wakaenda kushoto. Akatazama juu, nao wakapanda, halafu wakashuka polepole kama watu wasio na haraka ya kufika kwao.

Wilfried wa Lulimba, mnunuzi anayepelekea wachimba dhahabu mboga, alikuwa amesimama pale na mfuko wazi. Akamtazama kidogo, akaufunga mfuko, akamwita kwa jina la binti yake.

"Mama Arlette, hii ndagala yako iko na nzi."

"Nzi gani? Onyesha hata moja."

"We mwenyewe njo unazifukuza tangu nifike hapa."

"Nafukuza yenye iko inakuja!"

"Basi ikuje kwanza. Mi naenda kwa Mama Vainqueur."

Mama Vainqueur, jirani wa upande wa kushoto, alimpimia Wilfried huku mabega yanatikisika kwa kicheko. Godelieve hakucheka. Alikuwa amefumba jicho moja, akafumbua, akafumba lingine, akagundua kwamba nzi wale hawako juu ya samaki. Wako ndani ya jicho lake.

Mama yake alikufa kipofu. Alikufa Tanzania, kambini Nyarugusu, akishikwa mkono kwenda chooni, na Godelieve ndiye alikuwa mwenye mkono. Alijua kipofu anakulaje, anaogaje, anavyouliza mara kumi kama kumekucha. Na alijua kwamba mwanamke asiyeona hawezi kutenga ndagala na mchanga. Mwanamke wa namna hiyo ufukweni ni wa kupewa, si wa kuuza.

Yeye alizaliwa Mboko, mtoto wa nne wa fundi wa mitumbwi. Shule aliiachia darasa la tano, wala si kwa ujinga: mwalimu alikuwa anauliza mwingine, yeye anajibu, na siku moja alitolewa nje akakaa huko moja kwa moja. Vita vya tisini na sita vikamvusha ziwa. Kambini ndipo mdomo wake ulipopata kazi. Kwenye foleni ya maharagwe, mbele ya meza ya kadi za chakula, popote palipotakiwa mtu wa kusema "huyu mama mumemusahau", aliitwa Godelieve. Alisemea wajane, alisemea wenye kigugumizi, alimsemea hata mume wake. Waliporudi Congo mume alikuwa amechoka kusemewa, akaenda Lulimba kuchimba dhahabu. Mpaka leo anachimba. Haijulikani shimo limefika wapi. Arlette, binti yao wa pekee, aliolewa Kazimia, na Godelieve akabaki na nyumba ya udongo, na kipande chake cha mchanga, na Inamahoro.

Inamahoro alitoka Burundi mwaka wa matatizo yao, mtoto wake Gordien yuko mgongoni, akapewa kiwanja Mulongwe, kambi ya wakimbizi isiyo mbali na Baraka. Alilima muhogo, na siku zisizo za shamba alishuka ziwani kutafuta kazi ya kuosha samaki. Mama mmoja alimwoshesha beseni saba halafu akamlipa vichwa vilivyokatika. Inamahoro aliviangalia tu mkononi. Godelieve, ambaye hakuitwa na mtu, alifika pale na kumwaga maneno kwa dakika tano, mpaka yule mama akajaza kikapu kizima ili apate kupumua. Tangu siku hiyo wakawa wawili. Inamahoro alileta mikono yenye nguvu na unga wa muhogo, Godelieve alileta mchanga na mdomo.

Inamahoro hakuwa bubu. Maneno yake yalikuwa yanapanda polepole, kama ndoo inayotoka kisima kirefu, na Godelieve hakuwa na subira ya kungoja ndoo ifike juu. Mtu akiuliza, "Mama Gordien, uliamukaje?", Godelieve anajibu, "Ameamuka muzuri, mgongo tu njo unamuuma." Na mara nyingi ilikuwa kweli, ndiyo sababu hakuna aliyeona ubaya.

Nzi walikaa mwezi mzima. Willy, infirmier, yaani muuguzi wa dispensari, alimulika jicho kwa simu yake, akasema, "Ni vitamini inakosekana," akampa matone. Matone yaliwasha, nzi wakaogelea. Mama Vainqueur alileta majani ya kukamulia jichoni. Jicho likavimba kama yai la bata na nzi wakabaki wazima ndani. Kwenye chumba cha maombi walikemewa kwa saa mbili nzima, wakasikiliza mahubiri mpaka amina. Godelieve alisimulia hayo yote kwa kelele na mzaha, lakini akifika nyumbani alifumba macho na kujaribu kutembea toka mlangoni hadi jikoni, kujizoesha.

Siku moja, wanageuza samaki, alisema, "Mi nitakufa kipofu kama mama, Mama Gordien. Andika hiyo."

Inamahoro akanyoosha mgongo. "Hata mimi, dada."

"Hata we nini?"

"Naona vitu. Jicho la kushoto. Kama tunyuzi, kama masizi."

"Tule tunyuzi tunakimbia ukiangalia?"

"Tunakimbia."

Godelieve akaangusha tawi, akamkumbatia pale pale, mikono yote inanuka samaki. Alifurahi. Ni aibu kusema, lakini alifurahi, kwa kuwa ugonjwa wa watu wawili si laana, na akijua hayuko peke yake hofu yake iligawanyika nusu kwa nusu. Jambo la kumuuliza mwenzake, "Ilianza lini? Inakuwaje?", halikumpita kichwani. Yalikuwa macho ya Inamahoro, lakini Godelieve alikwisha kuyajua.

Wakaamua Bukavu, kwa daktari wa macho. Na hapa lazima ielezwe desturi ya watu wa ufukwe ule, kwa sababu bila hiyo mtu atauliza kwa nini hawakwenda wote. Njia ni ndefu, mito haina madaraja ya kuaminika, vizuizi vya askari havihesabiki. Kwa hiyo mtu mmoja akienda kwa daktari, wengine wanamtuma ugonjwa. Huyu anatuma kiuno, yule anatuma kikohozi cha mtoto, na msafiri anavitaja vyote mbele ya daktari kama mtu anayesoma barua. Akirudi anagawa majibu. Hata daktari akikasirika, atatupa neno moja mawili, na neno la daktari halitupwi. Watu wamepona hivyo. Na kwa mkimbizi ilikuwa zaidi ya desturi: ili atoke Mulongwe hadi Bukavu, Inamahoro alihitaji karatasi ya ruhusa, na kila kizuizi kingeisoma karatasi hiyo kwa njia yake.

"Kaa," Godelieve alimwambia. "Mi ninaenda na macho yetu yote."

Inamahoro alimsindikiza hadi kwenye gari. Godelieve alikuwa amekwisha kubanwa kati ya magunia mawili, mwenzake amesimama chini ameshika ubao wa gari.

"Dada, umwambie daktari pia... mimi, mara ingine, pembeni..."

"Najua, najua."

"Ni kama..."

"Nitamwambia yote, Mama Gordien! Rudi, jua linakausha bila sisi!"

Gari likaondoka. Inamahoro alitembea nalo hatua chache, mdomo uko wazi kidogo, halafu akauachia ubao.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Docteur Nadège, mwenye sauti ya mtu aliyesema jambo moja tangu asubuhi. Akamtia Godelieve matone ya kufungua mboni, akamkalisha kwenye benchi mpaka ukuta ukawa ukungu, kisha akamweka kidevu kwenye chuma na kumulika mwanga mkali kila pembe ya jicho.

"Mama, jicho lako ni zima."

"Zima na nzi ndani?"

"Ndani ya jicho kuna kitu kama ute wa yai. Muntu akizeeka, ule ute unajitenga, kama uji wa muhogo wenye ulilala. Tunyuzi twake tunatupa kivuli nyuma ya jicho. Ile kivuli njo unaita nzi."

"Basi nipe dawa ya kukamata ile uji."

"Haiko. Hakuna matone, hakuna kidonge, hakuna majani. Mwenye kukuuzia, amekuibia. Kuna mashine ya mwanga yenye kupasua tule tunyuzi, hapa hatuna, na hata wenye nayo, inasaidia batu wachache. Kuna operesheni: banatoa ule ute wote, banatia maji. Lakini ile inaweza kuleta mtoto wa jicho, inaweza kuharibu jicho lenye linaona. Mimi siwezi kukukatia jicho zima juu ya nzi tatu."

"Sasa?"

"Sasa uyaache mambo hayo. Utayazoea. Kichwa kitasahau kuyaangalia."

Godelieve alitaka kuruka kutoka kitini. Siku mbili za njia, na dawa ni kuacha! Hajawahi kupewa dawa tamu namna hiyo. Alikwisha kushika mlango ndipo akakumbuka mzigo wa pili.

"Na rafiki yangu, Docteur? Ako na ugonjwa huu huu. Jicho la kushoto."

"Ako wapi?"

"Mulongwe, kule Baraka."

"Mama, mimi siangalii jicho lenye liko Mulongwe."

"Neno moja tu, Docteur, nimupelekee."

Daktari akaweka kalamu chini. "Anaonaka mwanga kama radi, pembeni ya jicho? Ile masizi ilikuja mingi mara moja, kama mvua? Kuna kivuli kinashuka kama pazia?"

"Hapana, Docteur. Tuko sawa sawa."

"Ulimuuliza?"

"Ninamujua."

Hivyo ndivyo alivyosema. Akaongeza maneno mawili, "kabisa kabisa", na daktari akachukua tena kalamu.

"Kama ni sawa na yako, ayaache. Lakini akiona ile radi ao ile pazia, aje siku ile ile. Si juma ijayo. Ile ngozi ya nyuma ya jicho ikipasuka, tunaweza kuizuia. Ikibanduka, ni mambo ingine."

Godelieve aliitikia, naye alisikia. Lakini alisikia kama mtu anayesikia tangazo la mji mwingine.

Alirudi Baraka siku ya Alhamisi, na mchana ule hakuna aliyeanika vizuri. Alisimama juu ya beseni iliyogeuzwa, akafunga kitambaa kama kofia ya daktari, akaigiza yote: kidevu kwenye chuma, benchi, uji wa muhogo uliolala. "Mimi siwezi kukukatia jicho juu ya nzi tatu!" Wanawake walijishika mbavu. Mama Vainqueur aliambiwa hadharani majani yake akapikie mbuzi. Kila aliyetuma ugonjwa alipata jibu lake, la kiuno, la kikohozi, yote aliyoyaokota kwa wauguzi pale kwenye benchi. La mwisho likawa la Inamahoro, aliyekaa pembeni na mikono magotini.

"Na we Mama Gordien, sawa na mimi. Amesema tuyaache. Tutayazoea."

"Amesema hivyo hata kwa yangu?"

"Hata kwa yako. Nilimwambia tuko sawa sawa."

Inamahoro aliinamisha kichwa. "Basi Mungu asifiwe," akasema.

Ile radi na lile pazia Godelieve hakuvitaja. Hakuficha. Havikuwa vya kuchekesha, na walipomaliza kucheka vilikuwa vimekwisha kumtoka.

Majuma matatu yalipita. Jambo la kwanza lilikuwa unga: Inamahoro alimimina nusu ndani ya beseni na nusu chini, upande wa kushoto. Godelieve akamtania kwamba anapenda kuku wa watu. Kisha siku moja akagonga bega kwenye nguzo ya kibanda ambayo imesimama pale tangu wote wawili waijue. Kisha, siku ya Jumanne, akitoka majini na ndoo, akapita katikati ya ndagala za Mama Vainqueur, hatua nne nzima, zinavunjika chini ya miguu yake kama majani makavu.

"We mkimbizi!" Mama Vainqueur akapiga kelele. "Hauna macho?"

Godelieve alikuwa amefika kabla ya sentensi kuisha. "Mwache! Ametoka shamba, amechoka, hajalala! Na mkimbizi ni nani, we ulizaliwa Baraka? Hesabu samaki zako, nitalipa, na ufunge hiyo shimo!"

"Dada," Inamahoro akasema.

"Ngoja, huyu leo..."

"Dada. Sikuziona."

Alisema taratibu, bado amesimama na ndoo kichwani. Godelieve akasogea upande wa kushoto wa mwenzake, akainua mkono, akautikisa karibu na shavu. Jicho halikucheza. Ilikuwa kama kumpungia mkono mtu aliye kwenye picha.

"Tangu lini?"

Inamahoro akashusha ndoo. "Kivuli kilianza pembeni. Kama mtu ametundika kitenge hapa. Kila siku kinakuja katikati kidogo. Juzi kimefunga."

"Na mbele kivuli hakijaja?"

"Mbele, ilikuwa radi. Nikigeuza kichwa, inapiga. Hata gizani."

"Radi ilianza lini, Mama Gordien?"

Alijua jibu kabla ndoo haijafika juu, lakini safari hii alingoja.

"Mbele hujaenda Bukavu."

"Na hukusema!"

"Ulisemaka tuyaache," Inamahoro akasema, bila kulaumu, kama anayeeleza njia kwa mgeni. "Nikayaacha. Kivuli kilipokuja nikasema, huyu naye nitamuzoea."

Karatasi ya ruhusa ilichukua siku sita. Njiani, kwenye kila kizuizi, askari walimuuliza Inamahoro, na Godelieve alijibu kwa sauti ya mtu anayeumwa koo. Kule Makobola walikuta mto umejaa, wakalala ndani ya gari. Inamahoro alikuwa anafumba jicho zima na kulifumbua lile lingine, mara kwa mara, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli.

Docteur Nadège alimulika kwa muda mrefu. Halafu akazima mashine na kuvuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Mama, ile ngozi ya nyuma imebanduka yote. Ungekuja siku za radi, ilikuwa imepasuka tu. Kuna mashine ng'ambo ya mpaka yenye kuchoma pembeni ya mupasuko, kama fundi anavyoshona pindo nguo isifumuke. Muntu anaenda asubuhi, anarudi mangaribi. Sasa ni operesheni kubwa, mbali sana, na hata bakiifanya, siwezi kukuahidi kama utaona zaidi ya mwanga. Lile lingine nimeliona, lina mahali pembamba. Lile tulichunge. Radi moja tu, ukimbie." Kisha akainua macho kwa Godelieve aliyesimama ukutani, akamtazama vizuri. "Si ni weye uliniulizaka juu ya rafiki?"

Godelieve akafungua mdomo. Mdomo uliozima askari wa vizuizi na wazungu wa kadi, uliomfukuza mume hadi Lulimba. Hakikutoka kitu.

"Ni mimi sikumwambia," Inamahoro akasema. "Nilikuwa na radi, sikumwambia."

Ulikuwa uongo mdogo, na ulisimama katikati ya chumba kile mpaka daktari akainamia karatasi zake. Godelieve angependa apigwe. Mama Vainqueur angempiga, Arlette angempigia kelele kwenye simu, lakini Inamahoro alimfunika kama mtu anavyofunika samaki mvua ikianza, bila kufikiri, kwa mazoea ya mikono, na kufunikwa kule kulimuuma kuliko vile angesemwa.

Njia ya kurudi hawakuzungumza. Au tuseme, Godelieve hakuzungumza, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mazungumzo yao ya siku zote yalikuwa ya mmoja tu.

Aliporudi ufukweni wanawake walimzunguka wakingoja hadithi. Akatia tawi kwenye kikapu na kuanza kugeuza samaki. Mwezi uliofuata, Mama Vainqueur, ambaye, kusema haki, alikuwa amepeleka ndagala za upatanisho nyumbani kwa Inamahoro na kuomba msamaha wa neno mkimbizi, alisikia kwamba Godelieve anapita Uvira, akasema, "Mama Arlette, uniulizie kule juu ya tumbo langu, linaunguza."

"Panda gari," Godelieve alimjibu.

"Eh! Neno moja tu, si utakuwa mbele ya daktari?"

"Tumbo ni yako. Panda gari." Wengine wakasema amekuwa na kiburi cha Bukavu.

Ilibaki dosie, lile faili la maombi. Kwa operesheni ya mbali mkimbizi hupita kwenye ofisi inayoshughulikia wakimbizi, na ofisi inataka dosie, na dosie inataka maneno. Walimkuta ajenti mmoja, Lionel, kijana mwenye shati iliyopigwa pasi na kompyuta iliyochoka. Alimfahamu Godelieve; nani hamfahamu. Akamgeukia moja kwa moja, vidole viko tayari.

"Haya Mama Arlette, tueleze. Ugonjwa wake ulianza lini?"

"Muulize yeye."

"Ni haraka tu, bakimbizi wengine wanangoja inje..."

"Muulize yeye, mwana wangu. Na ungoje."

Lionel akamgeukia Inamahoro. Kijana akatazama saa mara mbili. Kisha maneno yakaanza kupanda. Ilikuwa siku ya kupalilia muhogo, alisema, ametikisa kichwa kutoa kitambaa, mwanga ukapiga pembeni, akageuka kuona nani anamulika kwa kioo. Hakukuwa na mtu. Usiku ule mwanga ulipiga tena, akamwamsha Gordien amwulize kama kuna mvua. Siku ya tatu masizi yalianguka ndani ya jicho, mengi, kama paa la jiko limetikiswa, akaosha uso mara nne. Aliogopa. Baba yake alilipoteza jicho moja shambani kule Burundi, wakamwita Kijicho mpaka kufa, na watoto wake wakaitwa wa Kijicho. Hakutaka Gordien aitwe hivyo. Ndiyo sababu alitaka kumweleza daktari radi ile kwa mpango, neno kwa neno. Alikuwa ameipanga kichwani akitembea toka Mulongwe hadi kwenye gari.

Godelieve alisikiliza. Miaka karibu tisa wamekaa mchanga mmoja, na hakujua kama mwenzake alikuwa na baba mwenye jina la utani. Hakujua kwamba anasimulia vizuri hivyo, na mikono, na mahali pa kunyamazia. Lionel aliacha kutazama saa. Waliokuwa nje walichungulia mlangoni, wakarudi kukaa.

Alipomaliza, kijana aliandika kwa muda. "Nitaituma. Jibu linaweza kuchukua miezi, Mama, sitaki kukudanganya. Pengine watakataa, juu ya vile daktari ameandika hapa." Akashuka hadi chini ya ukurasa. "Wanaomba jina la mwenye kukusindikiza. Huyu mama ni nani wako? Dada?"

Hapo ndoo ilikawia kuliko zote. Godelieve alikuwa amekaa upande wa kushoto, upande usioona, na Inamahoro hakugeuza kichwa.

"Tunaanikaka ndagala pamoja," akasema.

Lionel akaandika hivyo, akauliza herufi za jina, na Godelieve akazitaja moja moja, polepole.